Roma Bila Pasipoti



Tangu turudi kutoka hija ya Roma mwezi Aprili 2025, kila tunapokutana na wenzetu, iwe kanisani, kliniki au sokoni, tunaulizwa maswali mawili. La kwanza ni kama kweli tulimwona Baba Mtakatifu Fransisko kabla hajafariki. La pili ni habari ya yule mwenzetu aliyeibiwa pasipoti: alirudije nyumbani? Jibu la swali la kwanza ni fupi, nasi tutalitoa mahali pake. Hili la pili ndilo lililotufanya tuchukue kalamu, kwa maana siku hizi kina mama wanasafiri. Wanakwenda India na wagonjwa, Dubai na Guangzhou kununua bidhaa, Muscat kutafuta kazi, na Ulaya kuwaona watoto walioolewa huko.

Tulikuwa kina mama saba kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Wanne kati yetu ni wauguzi, na watatu wanajitolea katika huduma ya kutembelea wagonjwa parokiani. Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei, ambao kwa kawaida Kanisa Katoliki huuadhimisha kila baada ya miaka 25. Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro ulikuwa umefunguliwa tarehe 24 Desemba 2024, na kila kundi la watu lilipangiwa siku zake. Tarehe 5 na 6 Aprili zilikuwa Jubilei ya Wagonjwa na Wahudumu wa Afya. Tulichangishana kwa muda wa miaka miwili, kila mwezi kidogo kidogo, kama tunavyofanya kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Waume zetu nao walitusaidia, ingawa baadhi yao walianza kwa kuguna.

Roma ni mji wa kutembea kwa miguu. Barabara nyingi za katikati ya mji zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, ambavyo ni adui wa viatu vya kisigino; wawili wetu walijifunza hilo siku ya kwanza. Kila baada ya mitaa michache kuna bomba la chuma lenye mdomo uliopinda, linalotoa maji safi mchana na usiku bila malipo. Wenyeji huyaita mabomba hayo nasoni, yaani mapua. Sisi tuliotoka kwenye foleni za ndoo tulisimama kuyatazama maji yale yakimwagika bure, na mmoja wetu akasema, "Haya, angekuwapo bibi yangu angetaka kuyafunga." Kahawa ni ya kunywa ukiwa umesimama, ukiketi mezani katikati ya mji, mara nyingi bei hupanda. Mwezi Aprili asubuhi kuna baridi kama ya Marangu mwezi Julai, na mchana jua ni zuri.

Jumamosi ile ya tarehe 5 tulipanda basi karibu na stesheni kuu ya Termini kuelekea upande wa Vatikani. Mabasi ya njia hiyo hujaa kama daladala za jioni, na watu wote huwa na macho yao nje wakitazama makanisa na magofu. Tuliposhuka ng'ambo ya mto Tiber, mwenzetu aliona zipu ya mkoba wake iko wazi. Pochi haikuwamo. Ndani yake zilikuwamo euro mia moja na themanini, rozari ya marehemu mama yake, na pasipoti yenye viza.

Kuna watakaouliza kwa nini alitembea na pasipoti. Sheria ya Italia humtaka mgeni aweze kuonyesha hati zake akiulizwa na polisi, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi hutembea nazo. Wengine husema heri kuiacha pasipoti kwenye sanduku la kufuli pale unapolala na kutembea na nakala. Hata baina yetu hatukukubaliana, na hadi leo hatujakubaliana. Kwa maoni ya wengi wetu, pasipoti ikae ndani ya mfuko wa kitambaa shingoni, chini ya nguo, pale mama zetu walipokuwa wakifunga pesa za mauzo ya ndizi. Hapo hakuna kibaka anayefika bila wewe kujua.

Mwenzetu hakulia mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akasema jambo moja tu: "Mtoto wangu." Sisi tulijua maana yake. Mtoto wake wa mwisho, mwenye umri wa miaka saba, ana ugonjwa wa selimundu. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa Jumanne usiku. Alikuwa amekubali kuja Roma kwa sharti kwamba siku za kuwa mbali na yule mtoto zisizidi sita.

Polisi kwanza

Tulikuwa na bahati ya kuwa na sista mmoja Mtanzania anayesoma Roma. Masista na mapadre wetu wanaosoma katika mji ule ni wengi, na ukiwauliza utakuta wanajua mambo kuliko kitabu cha mwongozo. Tulipompigia simu alisema, "Msiende popote kabla ya kwenda polisi. Ubalozini watawauliza karatasi ya polisi, na uwanja wa ndege watawauliza hiyo hiyo."

Italia ina majeshi ya polisi zaidi ya moja. Kuna polisi wa serikali, kuna Carabinieri ambao ni askari wenye mstari mwekundu kwenye suruali, na kuna polisi wa manispaa wanaoshughulika zaidi na magari. Taarifa ya wizi hupokelewa na hao wawili wa kwanza. Karatasi ya taarifa hiyo huitwa denuncia, na ni lazima uitoke nayo mkononi ikiwa na mhuri, namba na tarehe. Jambo moja lilitushangaza. Uwanja wa Mtakatifu Petro ni mali ya Vatikani, lakini kwa mkataba wa mwaka 1929 kati ya Italia na Kanisa, wanaolinda usalama wa uwanja huo kwa kawaida ni polisi wa Italia. Kwa hiyo hata anayeibiwa pale huenda kwao.

Kituoni tulingoja kwa muda wa saa tatu. Kulikuwa na mzee wa Kijerumani aliyepoteza kamera, wanafunzi wawili wa Kikorea, na mama mmoja wa Peru anayefanya kazi za nyumbani, ambaye pochi yake iliibiwa na mshahara wa mwezi mzima. Mwenzetu alimshika mkono mama yule wa Peru, wakakaa hivyo bila kuelewana lugha. Askari alitaka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, namba ya viza, saa na mahali. Namba ya pasipoti tuliipata kwa sababu tulikuwa tumepiga picha pasipoti zote saba kwa simu kabla ya kuondoka Moshi, na kila mmoja alikuwa na picha za wenzake. Askari alifurahi alipoiona picha ile, akatuonyesha kidole gumba. Alituambia pia tutazame kwamba jina limeandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Ni vizuri tulitazama, maana herufi moja ilikuwa imerukwa, akaiandika upya.

Saa za Roma wakati ule zilikuwa nyuma ya za kwetu kwa saa moja. Tulipotoka kituoni Tanzania walikuwa wanakula chakula cha jioni, na mwenzetu akampigia mume wake. Shemeji yetu huyo ni mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akauliza, "Wewe mwenyewe mzima?" Kisha akauliza nini kinahitajika. Usiku ule ule alifungua sanduku la bati, akapiga picha cheti cha kuzaliwa cha mkewe, kitambulisho cha Taifa na cheti cha ndoa, akazituma. Tunasema hivi kwa kina mama ambao waume zao hawajui vyeti viko wapi: wapo wengi, tunawajua.

Nani mwenye kazi ya kukusaidia

Wengi tukisikia neno balozi tunamfikiria kwanza balozi wa nyumba kumi, yule anayeandika barua ya utambulisho na kuamua ugomvi wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Balozi wa nchi za nje kazi zake ni kubwa zaidi, lakini ndani ya ubalozi kuna afisa ambaye kazi yake inafanana sana na ya yule wa nyumba kumi. Huyo ndiye wa huduma za kikonseli. Yeye anatakiwa kukujua kwamba wewe ni wa kwao.

Kazi hizo zimeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli, uliopitishwa tarehe 24 Aprili 1963 na kuanza kutumika mwaka 1967. Miongoni mwa mambo mengine, mkataba huo unataja kazi ya kuwapa raia pasipoti na hati za safari, na kuwasaidia wakiwa katika shida. Unasema pia kwamba raia wa nchi ya kigeni akikamatwa, anayo haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Ni vema mama mwenye mtoto anayesoma au kufanya kazi nje alijue hili la mwisho na amwambie mtoto wake.

Tulifikiri pia kwenda Vatikani kuomba msaada, maana tulikuwa mahujaji wao. Sista alicheka kidogo. Alitueleza kwamba Vatikani haikubali balozi aliyetumwa Italia awe pia ndiye balozi kwake. Nchi inayotaka uhusiano na pande zote mbili huwatuma watu wawili tofauti, na wengine hukaa miji mingine kabisa. Kwa habari ya pasipoti iliyoibiwa, pa kwenda ni ubalozi wa Tanzania ulioko Italia. Ubalozi wetu huo uko Roma, na ndio unaoiwakilisha nchi pia katika mashirika ya chakula ya Umoja wa Mataifa yenye makao pale, kama FAO. Wenzetu wa Kenya na Uganda nao wana balozi zao katika mji huo huo.

Lakini ilikuwa Jumamosi jioni. Tulipiga simu ikaita bila kupokewa. Sista alikuwa na namba ya dharura, na hiyo ikapokewa na kijana mmoja. Mwenzetu alisahau salamu kwa haraka yake, kijana akamtangulia: "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu," na hapo ndipo alipoanza kulia. Yule kijana alimwacha alie kidogo, kisha akamwuliza maswali taratibu: yuko wapi, yuko na nani, ana mahali pa kulala, ana dawa anazotumia, ndege ni lini. Sisi wauguzi tulimsikiliza kwa makini, maana ndivyo tunavyofundishwa kumpokea mgonjwa wa dharura.

Kisha akatuambia habari iliyotukata maini. Jumatatu ilikuwa tarehe 7 Aprili, Siku ya Karume, ambayo ni sikukuu ya Taifa kwa kumbukumbu ya Mzee Abeid Amani Karume aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1972. Ofisi ingefunguliwa Jumanne saa tatu asubuhi. Ndege yetu ilikuwa Jumanne hiyo hiyo usiku. Nani angekumbuka sikukuu ya nyumbani akiwa Roma? Tukasema kwa sauti moja, "Jamani!" Naye akasema, "Mama, mkija Jumanne mkiwa na kila kitu, itawezekana. Mkikosa kitu kimoja, itakuwa vigumu." Akatutajia: karatasi ya polisi, picha ndogo za pasipoti, nakala ya pasipoti iliyoibiwa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, tiketi ya ndege, na ada.

Jumapili

Jumapili asubuhi tulikwenda kwenye Misa katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Mahujaji walikuwa maelfu. Tuliona wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, madaktari, wauguzi wenye sare za nchi mbalimbali, na mashirika ya kujitolea. Baba Mtakatifu alikuwa ametoka hospitali ya Gemelli tarehe 23 Machi baada ya kuugua mapafu, na hakuna aliyetegemea kumwona. Mwishoni mwa Misa tulisikia kelele za furaha zikitoka mbele, na ghafla tukamwona akisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akiwa na vile vimirija vya oksijeni puani ambavyo sisi huwawekea wagonjwa wetu kila siku wodini. Alitutakia Jumapili njema kwa sauti dhaifu. Hatukuwa karibu naye, lakini tulimwona. Tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, alifariki. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza.

Mwenzetu alikuwapo pale lakini moyo wake haukuwapo. Asubuhi ile mume wake alikuwa amempigia kwamba mtoto ameanza kulalamika miguu na mgongo. Tulipotoka uwanjani tukakaa kando ya bomba la maji, tukampigia shemeji. Tulimwuliza kama mtoto ana homa, anapumua vipi, amekunywa nini, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Tulimwambia ampe maji mara kwa mara, amfunike vizuri, ampe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na kama joto likipanda au kifua kikibana asingoje asubuhi. Saa kumi na mbili jioni joto lilikuwa digrii 38.6. Akampeleka hospitali, akawekewa dripu na dawa za kuzuia maambukizi. Jirani alibaki na watoto wengine.

Usiku ule hakuna aliyelala sawasawa katika chumba chetu. Mwenzetu aliuliza swali ambalo wote tulikuwa tukilikwepa: "Nikikwama hapa wiki mbili?" Tulimjibu kwamba mmoja wetu atabaki naye. Tulilisema hilo bila kuwa na uhakika wa fedha za kubadilisha tiketi. Mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu hapendi kutajwa, akasema atakayebaki ni yeye, maana watoto wake ni wakubwa.

Siku ya Karume

Jumatatu tulifanya maandalizi. Picha za pasipoti tulipiga kwenye kibanda cha kujipiga mwenyewe kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi: unatia sarafu, unakaa wima, mashine inatoa picha nne. Tulipata pia duka la kutoa nakala, tukatoa nakala tatu za kila karatasi. Kazi yote ilikwisha saa tano, na siku nzima ilikuwa mbele yetu.

Tukaamua kwenda kwenye Basilika la Mtakatifu Paulo lililo nje ya kuta za mji wa kale, ambako ndiko inakoaminika kaburi la Mtume Paulo liko. Hapo huonyeshwa pia mnyororo unaosemekana ndio aliofungwa. Tulikaa mbele yake muda mrefu. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka jinsi Paulo, alipokuwa amekwisha kufungwa ili apigwe mijeledi kule Yerusalemu, alivyomwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Roma, na jinsi mkuu wa jeshi alivyoogopa. Baadaye alidai kesi yake isikilizwe na Kaisari mwenyewe, akapelekwa Roma. Sisi tulikuwa tumelisikia somo hilo mara nyingi, lakini kamwe hatukuwahi kufikiri kwamba pale Paulo alikuwa akitumia uraia wake. Maandiko hayatuambii alionyesha karatasi gani. Inaelekea neno lake lilitosha. Mwenzetu alisema, "Mimi neno langu kesho litatosha?" Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumanne

Ubalozi wetu uko upande wa kaskazini, katika mtaa wa Viale Cortina d'Ampezzo, kwenye vilima vyenye miti mingi na nyumba za watu wenye nafasi. Ni mbali na katikati ya mji. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa hofu ya foleni, tukafika mapema mno, tukasimama nje ya geti tukitazama bendera. Watu walio mbali na nyumbani hujua bendera inavyoonekana wakati kama ule. Hatutasema zaidi.

Afisa alimpokea, akachukua karatasi, akaanza kumhoji kwa Kiswahili. Amezaliwa kijiji gani, kata gani, shule ya msingi alisoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani, anaposali ni wapi, kutoka kwake kwenda stendi ya Moshi anapitia wapi. Mwenzetu alijibu kama mtoto kwenye mafundisho ya Kipaimara. Baadaye afisa alitueleza kwamba karatasi zinaweza kughushiwa, na pasipoti ya nchi yetu ina watu wanaoitamani. Kwa hiyo maswali ni lazima hata kama anamhurumia mtu.

Alichopewa si pasipoti mpya. Alipewa Hati ya Dharura ya Safari, yenye picha yake, jina, mhuri na sahihi. Hati hiyo ni ya safari moja tu, ya kumrudisha nyumbani. Mwenye nayo hawezi kuitumia kuendelea na matembezi katika nchi nyingine, wala kukaa. Afisa aliuliza pia ndege inapitia wapi, maana nchi ya kubadilishia ndege na shirika la ndege vyote lazima viikubali hati ile. Sisi tulikuwa tunapitia Addis Ababa bila kutoka nje ya uwanja. Alitushauri tulipigie shirika kabla ya kwenda uwanjani, tukafanya hivyo pale pale.

Tulipata nafasi ya kumwuliza afisa mambo mengine. Alisema watu wengi hufika wakidhani ubalozi utawalipia tiketi, hoteli au deni la hospitali. Hilo si la kutegemea. Ubalozi huweza kuwatafuta ndugu zako, kukuonyesha mawakili au hospitali, kukutembelea ukiwa kizuizini, na kukupa hati ya kurudi. Hauwezi kukutoa jela wala kubadilisha sheria ya nchi uliyomo.

Alituambia pia kwa nini wizi wa pasipoti hutolewa taarifa hata kama umekwisha kupata njia ya kurudi. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, tangu mwaka 2002 lina orodha ya pasipoti zilizoibiwa na kupotea, na maofisa wa mipakani wanaweza kuitazama. Lakini pasipoti huingizwa katika orodha hiyo na nchi iliyoitoa tu. Polisi wa Italia hawawezi kuiingiza pasipoti ya Tanzania. Usipowaarifu watu wako, pasipoti yako inaweza kuvuka mipaka ikiwa na picha ya mtu mwingine na jina lako. Na ikiisha kuingizwa, hata ukiiona tena usiitumie. Utazuiwa nayo kama mwizi.

Hapo ndipo tulipowakumbuka mabinti zetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wengi wao pasipoti zao hazijaibiwa na kibaka. Zimefungiwa kabatini na mwajiri siku ya kwanza, ingawa huko nako kuna sheria zinazokataza jambo hilo. Katika wodi yetu tuliwahi kumhudumia binti aliyekaa Ghuba miaka miwili bila kuiona pasipoti yake, kwa kuwa aliamini kwamba bila kijitabu kile hana pa kwenda. Hakujua kwamba ubalozi unaweza kumpa hati ya kurudi bila pasipoti. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Mama anayemsindikiza binti yake amwandikie namba ya ubalozi na kumshonea ndani ya nguo, pamoja na nakala ya pasipoti, na nakala nyingine ibaki nyumbani.

Saa saba mchana tulikuwa nje na hati mkononi. Yule kijana wa simu alitoka kutuaga. Mwenzetu alimwombea baraka papo hapo getini, naye akainamisha kichwa.

Uwanja wa Fiumicino tulifika saa nne kabla ya ndege. Mhudumu wa kaunta aliigeuza hati mara tatu, akamwita mkubwa wake, wakapiga simu. Dakika ishirini. Sisi sita tulikataa kusogea kwenye mstari, na waliokuwa nyuma yetu hawakufurahi. Kisha wakampa kibali cha kupanda. Kwa maofisa wa mpakani alionyesha hati, karatasi ya polisi, na nakala ya viza iliyokuwa ndani ya pasipoti iliyoibiwa, ili waone kwamba aliingia kihalali na siku zake hazijapita. Huyo ofisa hakuuliza neno hata moja.

Tulitua KIA Jumatano mchana. Afisa wa Uhamiaji aliichukua ile hati, akasema, "Karibu nyumbani mama," na kazi yake ikaishia hapo. Mwenzetu hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja wodini akiwa na sanduku, akamkuta mtoto ameketi anakula uji, dripu imetolewa asubuhi. Alilazwa siku mbili zaidi.

Kupata pasipoti mpya kulichukua muda kuliko tulivyotegemea. Ilibidi apeleke taarifa ya upotevu, nakala ya ile karatasi ya Kiitalia pamoja na tafsiri yake, vyeti, na kujibu maswali mapya katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Alilipa ada yote ya sh. 150,000 kama mtu anayeomba kwa mara ya kwanza. Mume wake alinunua sanduku dogo lenye kufuli, akaweka vyeti vyote humo, na ufunguo mmoja anao yeye na mwingine anao mkewe. Pasipoti mpya ilitoka mwezi wa Juni, ikiwa na namba nyingine. Ile ya zamani haijaonekana, wala rozari.